Milio ya Gombe: kutoka tarumbeta za Hollywood hadi madebe ya Mike

Kamera ya Hugo van Lawick haikuwa na masikio. Mholanzi huyo, mzaliwa wa Surabaya, Indonesia, alifika Gombe mwaka 1962 akiwa ametumwa na National Geographic ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kumpiga picha Jane Goodall, msichana wa Kiingereza ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiwafuata sokwe kwenye vilima vya kaskazini mwa mji wa Kigoma. Alipanda na kushuka bonde la Kakombe na mikanda yake ya milimita 16, akamnasa sokwe David Greybeard akichokoa mchwa kwa kijiti, jike Flo na wanawe, madume wakitishana huku nywele zimewasimama. Picha aliipata, na ilikuwa picha ya kiwango cha juu. Sauti haikuingia hata chembe. Makelele ya sokwe wakiitana kutoka kilima hadi kilima, vijito, mawimbi ya ziwa yakisugua kokoto, vyote vilibaki hukohuko.

Kwa hiyo ukitazama picha za Gombe za enzi zile, unachokiona kimetoka Kigoma na unachokisikia kimetoka kwingine. Kuna watu waliokaa studio, maelfu ya kilomita kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, wakaamua Gombe isikike namna gani. Ni watunzi wa milio ya kufungulia vipindi na wa muziki wa kutandikwa chini ya picha. Kazi yao ni ya ajabu kidogo: nusu ya dunia inaweza kuimba mlio wako kwa pua, na jirani yako asijue kwamba wewe ndiye uliyeutunga.

Desemba 22, 1965, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha kipindi kilichoitwa ‘Miss Goodall and the Wild Chimpanzees’, msimulizi akiwa Orson Welles, mwigizaji aliyejaliwa sauti nzito kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Vipindi maalumu vya National Geographic kwenye televisheni ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza. Cha kwanza, kilichohusu Wamarekani waliopanda mlima Everest, kilikuwa kimeonyeshwa Septemba ya mwaka huohuo. Mamilioni ya watu wakaziona fukwe za Tanganyika wakiwa wamekaa sebuleni. Huku Mwamgongo na Mtanga, vijiji vinavyoikumbatia Gombe kaskazini na kusini, hakuna aliyekiona. Zanzibar ilipata televisheni miaka ya 1970, na Bara tulisubiri hadi 1994. Ziwa letu lilijulikana kwenye runinga za watu karibu miaka thelathini kabla sisi hatujawa na runinga ya kulionyesha.

Mlio wa tarumbeta uliokuja kuwa nembo ya vipindi hivyo, ule unaopanda kwa kifua mbele kama vile nyuma yake kuna mlima unafunuliwa, uliandikwa miaka hiyo ya 1960 na Elmer Bernstein. Msomaji anaweza kudhani hamjui mtu huyu. Anamjua. Kama umewahi kutazama video ya ‘Thriller’ ya Michael Jackson, ya mwaka 1983, muziki ule wa kutisha unaopita katikati ya simulizi, nje ya wimbo wenyewe, ni wa kwake. Kama umewahi kuona ‘The Ten Commandments’ ya mwaka 1956, filamu ya Musa ambayo kila Pasaka lazima iibuke mahali, muziki ni wa kwake. Ile filamu ya wababe saba wa farasi, ‘The Magnificent Seven’ ya 1960, ni yake pia, na mlio wake ulikuja kuuza sigara za Marlboro kwenye matangazo ya televisheni kwa miaka.

Bernstein alizaliwa New York Aprili 4, 1922. Hakuwa na undugu na Leonard Bernstein, yule mwongozaji maarufu wa okestra, ingawa maisha yake yote ilibidi aeleze hivyo. Alianza na piano akiwa mtoto, na mtunzi mkubwa wa Marekani, Aaron Copland, alimsikia mapema na kumtia moyo. Vita Kuu ya Pili ilipofika aliingia jeshini, na huko akaandikia muziki vipindi vya redio ya wanajeshi. Huo ndio uliokuwa uanagenzi wake. Redio haikupi muda wa kubembeleza msikilizaji. Una sekunde kumi za kumwambia kwamba sasa ni hatari, au sasa ni mapenzi, au sasa ni habari.

Miaka ya mwanzo ya 1950, Marekani ilipokuwa ikiwasaka watu walioshukiwa kuwa na mrengo wa Kikomunisti, jina lake likaingia kwenye minong’ono na kazi nzuri zikamkauka. Akaangukia filamu za bei poa. Mojawapo, ‘Robot Monster’ ya mwaka 1953, hutajwa hadi leo miongoni mwa filamu mbovu kupata kutengenezwa. Zimwi lake ni mtu aliyevaa vazi la gorila na kichwani kofia ya mzamiaji. Bernstein aliiandikia muziki wa heshima kabisa, kana kwamba zimwi lile lilikuwa la kweli. Miaka kumi na kidogo baadaye tarumbeta zake zikafungua mfululizo wenye sokwe wa kweli ndani yake. Sidhani kama yupo mtunzi mwingine aliyepita njia hiyo.

Mwaka 1955 alirudi kwa kishindo na ‘The Man with the Golden Arm’, filamu iliyotandikwa jazi mwanzo mwisho. Kabla ya kufariki Agosti 18, 2004, alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar mara 14. Alishinda mara moja tu, kwa ‘Thoroughly Modern Millie’ ya 1967, filamu ambayo wengi hawaikumbuki. Televisheni nayo ilimpa Emmy mwaka 1964, kwa kipindi cha hali halisi kuhusu uchaguzi uliomwingiza Kennedy madarakani. Kipindi hicho kilitoka kwenye kampuni ya David Wolper, na ni Wolper huyohuyo aliyewatengenezea National Geographic vipindi vyao vya kwanza. Hivi ndivyo kazi hii inavyopatikana: mtayarishaji anakumbuka nani hakumchelewesha mara iliyopita.

Mlio wa National Geographic haukuandikwa kwa ajili ya Gombe, na hilo ndilo jambo la kulitazama vizuri. Ulitakiwa ufae kwa kila kitu: barafu ya Everest, papa, piramidi, sokwe wa Gombe. Ndiyo maana hauna mahali. Unamwambia mtazamaji jambo moja tu, kwamba anakwenda kuona kitu kikubwa, basi akae vizuri. Kipindi cha ‘Among the Wild Chimpanzees’ kilipotoka mwaka 1984, kikiwa na habari nzito za Gombe, zikiwemo zile za vita vya sokwe wa kundi la Kasekela walivyowamaliza wenzao wa kundi la Kahama kati ya 1974 na 1978, watazamaji wa kule walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba tarumbeta zile ndizo mlango wa kuingilia porini. Aliyeshuhudia shambulio la kwanza la vita hivyo kwa macho yake alikuwa Mtanzania, Hilali Matama, aliyeongoza wafuatiliaji wa sokwe wa Gombe. Naye hakuwa amesikia tarumbeta yoyote.

Tuseme kidogo jinsi fedha inavyotembea katika kazi hii, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mtunzi wa filamu hulipwa mara moja kwa kuandika. Kisha, kila muziki unaporushwa hewani, kituo hujaza karatasi inayoonyesha nini kilipigwa, kwa sekunde ngapi, nani alitunga, na chama cha haki za watunzi hukusanya na kugawa. Filamu ya saa mbili inaweza kuonyeshwa mara moja kwa mwaka. Mlio wa sekunde ishirini unaofungua kipindi hurudi kila wiki. Alan Hawkshaw, Mwingereza, aliandika muziki wa sekunde 30 wa saa inayohesabu katika shindano la ‘Countdown’, lililoanza Novemba 1982. Shindano linaendelea mpaka leo, na sekunde 30 zake bado zinahesabu.

Huyuhuyu Hawkshaw alikuwa pia fundi wa muziki wa akiba. Kampuni za Uingereza kama De Wolfe, iliyoanza London mwaka 1909 kwa kuuza karatasi za muziki wa filamu bubu, ziliwaajiri watunzi waandike vipande visivyo na mwenyewe: vya furaha, vya huzuni, vya kufukuzana, vya jua kuchwa. Vinarekodiwa, vinawekwa kabatini, na mhariri yeyote anachukua na kulipia. Kipande kimoja cha Hawkshaw kiitwacho ‘Chicken Man’ kilifungua tamthilia ya watoto wa shule ya BBC mwaka 1978. Mwaka uliofuata kikafungua, kikiwa kimepigwa upya, mchezo wa kukisia wa kituo pinzani. Hakuna aliyevunja sheria. Kipande hakikuwa na ndoa na mtu.

Afrika ilikuwa na kabati lake. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuuma. Kwa miongo mingi mhariri wa London au Los Angeles aliyetaka picha za twiga, za mtumbwi au za soko alifungua kisanduku kimoja tu: ngoma, kayamba, mbira ya Zimbabwe, kwaya ya Afrika Kusini. Picha ni ya Ziwa Tanganyika, mlio ni wa Limpopo. Mpaka leo ukitazama video za utalii zinazotengenezwa Dar es Salaam, tena na vijana wetu wenyewe, utasikia kisanduku kilekile, siku hizi kikipakuliwa kwenye intaneti kwa dola chache.

Lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia, kwamba muziki wa mgeni si lazima uwe mbaya. Henry Mancini, aliyeandika mlio wa ‘Peter Gunn’ na ule wa Pink Panther, alipewa kazi ya ‘Hatari!’, filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika kuzunguka Momella, chini ya Meru, na kutoka mwaka 1962. Kulikuwa na kipande cha ndama wa tembo wanaopelekwa kuoga ambacho hakuna aliyejua kifanyiwe nini. Mancini akakiandikia ‘Baby Elephant Walk’, muziki wa kuchekesha unaotembea kwa matako mazito, na ukawa maarufu kuliko filamu yenyewe. Kwingineko katika filamu hiyo alitumia ala za huku, zikiwemo maganda makavu ya mbegu yanayolia kama kayamba. Lakini alipofika kwa tembo aliwatazama tembo, akaandika alichokiona. Huo ndio ufundi, na hauhitaji pasipoti.

Sasa, mwambao huu wa Kigoma wenyewe unasikikaje? Swali hili wahariri wa kisanduku hawakuwahi kuliuliza, ilhali jibu lake ni refu. Ujiji ilikuwa mji wa watu wa kutoka kila upande kabla Stanley hajafika mwaka 1871 kumtafuta Livingstone: Waha, Wajiji, Wamanyema waliovuka ziwa, Waarabu na Waswahili wa pwani, kila kundi na ngoma yake. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na nyuma ya reli ikaja beni.

Beni ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiiga bendi za kijeshi: sare, vyeo, gwaride, ngoma kubwa, tarumbeta. Mashindano yake yalikuwa makali, Marini upande huu na Arinoti upande ule. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliirudisha kila walikotoka, ikafuata reli, ikavuka ziwa na kuingia Kongo, ambako watawala wa Kibelgiji waliitazama kwa jicho la shaka. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Ninalotaka kusema ni kwamba tarumbeta za kupanda kwa mbwembwe hazikuhitaji kuagizwa kutoka Hollywood. Wakati Bernstein anazaliwa, Waswahili walikuwa wamekwisha kuzipuliza na kuzichezea.

Kisha kuna Buha, nchi ya Waha. Kiha na Kirundi husikilizana, na ngoma za pande mbili za mpaka ni ndugu wa tumbo moja: ngoma kubwa za gogo, zimepangwa nusu duara, mpigaji wa katikati akiongoza kwa mwili mzima. Na ni ngoma hizi za jirani, za Burundi, zilizopata bahati mbaya ya kusafiri.

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke aliwarekodi wapiga ngoma wa Burundi, na rekodi ikatolewa na Ocora, lebo iliyozaliwa kwenye redio ya Ufaransa kwa ajili ya kuhifadhi muziki wa asili. Nia ilikuwa njema na rekodi ni safi hadi leo. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Paris, Mike Steiphenson, alizichukua ngoma zilezile, akazipandishia piano na gitaa, akaziita ‘Burundi Black’. Zikaingia kwenye chati ya Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akazitumia katika ‘The Jungle Line’. Mwaka 1980 bendi ya Adam and the Ants, na baada yao ile ya Bow Wow Wow, wakajenga jina kwa mapigo yaliyoigwa kutoka humo, na mwaka 1981 ‘Burundi Black’ yenyewe ikatengenezwa upya kwa ajili ya madisko. Watu wakatajirika Ulaya. Wapigaji hawakuonja.

Rekodi iliyowekwa ili ihifadhiwe ikageuka kabati la akiba, ila kabati lisilo na karatasi ya kujaza. Kwenye De Wolfe ukichukua kipande unamlipa mtunzi hata kama humjui. Kwenye ngoma ya Burundi hakukuwa na jina la kulipa, maana aliyetunga alikuwa kijiji, na kijiji hakina akaunti kwenye chama cha watunzi. Miaka ilipita. UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri yake: vikundi vijiandikishe, ngoma zipigwe kwa kibali, na wanawake wasizipige kabisa. Kwa hiyo wapigaji walionyimwa haki na wageni wakapata mwenye mali mpya, na sehemu ya wapigaji, wale wa kike, wakapigwa marufuku. Sioni kama hilo lilikuwa suluhisho.

Hapa kwetu mfano ninaoupenda ni wa redio. Mzee Morris Nyunyusa alikuwa mpiga ngoma asiyeona, aliyezungukwa na ngoma zaidi ya kumi na kuzipiga zote peke yake. Mapigo yake ndiyo yaliyotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Mvuvi wa Ujiji, mkulima wa Kasulu, mwalimu wa Uvinza, wote waliacha walichokuwa wakifanya waliposikia ngoma zile, kwa sababu baada yake ingefuata habari ya bei ya pamba, au ya kifo cha mkubwa, au ya vita vya Kagera. Tukipima kazi ya mtunzi wa milio kwa idadi ya watu waliosimama kusikiliza, Nyunyusa hana mshindani nchini. Na tofauti na wapigaji wa Burundi, angalau jina lake lilitajwa. Wazee hadi leo wanasema “ngoma za mzee Nyunyusa”, hawasemi “ule mlio wa habari”.

Jina kutajwa ni nusu ya safari. Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kilizaliwa na sheria namba 7 ya mwaka 1999, na mirabaha ya kazi zinazopigwa redioni na kwenye televisheni ilianza kugawiwa mwaka 2022. Watunzi wa milio ya vipindi vyetu vya miaka ya 1970 na 1980 waliishi na wengi wakafa kabla ya hapo. Bernstein naye alijua kidonda hiki. Miaka ya 1970 aliongoza chama cha watunzi wa Marekani kuzishtaki studio kubwa za Hollywood, ambazo zilikuwa zikimiliki muziki wote mara tu mtunzi anapoweka saini, kisha kuufungia stoo. Kesi ilidumu miaka mingi na ushindi wake ulikuwa wa nusunusu. Hata hivyo ilimgharimu kazi, kwa kuwa watu aliowashtaki ndio waliokuwa wakimwajiri.

Turudi kwenye vilima vya Gombe. Mwaka 2014 ile mikanda bubu ya Hugo van Lawick ilipatikana tena katika ghala la National Geographic, zaidi ya saa 100, imechanganyika bila mpangilio. Hugo mwenyewe alikuwa amefariki Dar es Salaam mwaka 2002. Mwongozaji Brett Morgen aliipanga ikawa filamu iitwayo ‘Jane’, iliyotoka 2017, na kwa upande wa muziki akamwendea Philip Glass, aliyekuwa ametimiza miaka 80. Oktoba mwaka huo ilionyeshwa Hollywood Bowl, uwanja wa wazi wa Los Angeles, okestra ikipiga muziki papo hapo chini ya picha za Kakombe.

Glass ni mtu wa Baltimore ambaye mpaka alipokaribia miaka arobaini alikuwa bado anaendesha teksi na kufunga mabomba ili ale. Mtindo wake ni kuchukua vipashio vifupi na kuvirudia, vikibadilika kidogokidogo hadi msikilizaji ashtuke kwamba amekwisha hamishwa alipokuwa. Aliuokota kwa sehemu kutoka kwa Ravi Shankar na mpiga tabla Alla Rakha, alipofanya nao kazi Paris katikati ya miaka ya 1960. Mwenzake wa mkondo huohuo, Steve Reich, alikwenda Ghana mwaka 1970 kusomea ngoma. Kwa hiyo mtu wa Kigoma aliyecheza ngoma ya usiku kucha hashangazwi na Glass. Anaujua mchezo huo: pigo lilelile, lakini si lilelile.

Ndiyo sababu naona muziki wa ‘Jane’ unaikaa Gombe vizuri kuliko ilivyostahili. Sokwe akishuka mti, akisimama, akitazama, akitembea, hana haraka ya tarumbeta. Ana marudio. Glass anampa marudio. Ila filamu ina ugonjwa wake, nao ni kutomwamini mtazamaji. Ugonjwa wa polio uliowapata sokwe mwaka 1966, kifo cha Flo mwaka 1972 na mwanawe Flint kumfuata wiki chache baadaye, hayo ni mambo ambayo picha peke yake inayabeba. Okestra inapopanda juu yake, unahisi umeshikwa bega na mtu anayekuhimiza ulie. Ningeondoa robo ya muziki ule, niache kimya.

Au niwaache sokwe wenyewe. Maana jambo ambalo filamu zote hizi zimelipita haraka ni kwamba Gombe ina wanamuziki wake. Mike, dume dogo asiye na nguvu za kutisha, alikuwa karibu chini kabisa kwenye ngazi ya madume. Mwaka 1964 akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa pale kambini. Akajifunza kuyasukuma mbele yake huku anakimbia, mawili, hata matatu kwa mpigo, yakigongana na kuvuma. Madume wakubwa wakatawanyika. Goliath, aliyekuwa mkuu, akakalia kuti kavu. Mike alishika ukubwa bila kupigana, kwa kelele tu, na watu wa kambi wakalazimika kuyaficha madebe. Kila mtunzi wa mlio wa kufungulia taarifa ya habari anajaribu kufanya alichofanya Mike.

Sokwe pia hupiga mizizi mipana ya miti mikubwa kwa mikono na miguu, na mapigo hayo husafiri mbali msituni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu sokwe wa Budongo, Uganda, ulionyesha kwamba kila dume ana mpangilio wake wa mapigo, kiasi kwamba wenzake wanaweza kujua ni nani hata bila kumwona. Wito wao wa mbali, ule unaoanza kwa kupumua kwa nguvu na kuishia kwa mayowe, nao hutofautiana kwa kila mmoja. Jane Goodall alifungua mihadhara yake kwa wito huo, duniani kote, hadi alipofariki Oktoba 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 91, angali katika ziara ya kuhutubia. Watu waliomsikia Tokyo, Nairobi au New York wanakumbuka ule mlio kabla ya kukumbuka alichosema baadaye.

Na sauti ambazo kamera ya Hugo haikuzichukua, wapo waliozichukua. Mtafiti Peter Marler alizirekodi Gombe mwaka 1967. Miaka ya mwanzo ya 1970 Waholanzi wawili, Frans Plooij na mkewe Hetty, waliwafuata sokwe wachanga wakiwa na kinasa sauti, wakakusanya zaidi ya saa kumi za vilio, migumio na vicheko vya watoto wa Gombe. Rekodi hizo sasa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Macaulay ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2014.

Kwa hiyo kijana wa Mwanga, hapa Kigoma, mwenye kompyuta na spika mbili, akiambiwa na kituo cha redio cha hapa mjini atengeneze mlio wa kipindi cha mkoa, asianze na kisanduku cha dola chache. Beni ipo, ngoma za Buha zipo, honi ya meli ya Liemba iko kwenye kumbukumbu za wazee, injini za boti za Kibirizi zinanguruma kila siku, na sokwe wa Cornell wanasikilizika kwa mwenye bando. Sekunde ishirini zinatosha. Ila kabla hajaupeleka kituoni, apite COSOTA kwanza.